Chai ya Jukwaa la Kwanza

Kuna stesheni moja ya treni huko Ujerumani ninayoijua kuliko wengi waliozaliwa karibu nayo. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli. Nilifanya kazi pale nikisoma kwa miaka mitatu, nikatoka na diploma ya huduma za abiria wa reli. Leo diploma hiyo imetundikwa sebuleni kwangu, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, mkabala na mlango, mgeni aione kabla hajakaa. Sikupelekwa Ulaya na mjomba, wala hakuna harambee iliyofanywa kwa ajili yangu. Nilijifunza Kijerumani kwa vitabu vya kuazima nikiwa nauza misumari na mabati dukani kwa mtu, na mtihani nikaupita mara ya kwanza.

Baada ya Ujerumani nilirudi nyumbani, kisha nikaenda Doha, ambako reli mpya ya mjini ilikuwa ikitafuta watu wanaoijua kazi. Nilipewa usimamizi wa huduma za abiria katika stesheni moja ya West Bay, nikawa na vijana wa mataifa mengi chini yangu. Nilikaa Najma, chumba cha watu wanne juu ya duka la fundi cherehani. Ningeweza kukaa pazuri zaidi, lakini mtu mwenye akili hali mshahara wake ugenini.

Jioni, wali ukichemka, niliwasimulia wenzangu ile stesheni. Mmoja wao, Mganda mlinzi wa jengo la ofisi, jitu refu lililolala kitanda cha chini yangu huku miguu ikining'inia nje, alinipa jina la Profesa wa Reli.

"Profesa," alikuwa akisema huku anamenya kitunguu, "leo tunashukia jukwaa namba ngapi?"

"Wewe cheka. Siku moja utataka kujua."

"Ssebo, bwana mkubwa, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Hapo stesheni yako wanauza matooke? Kama hawauzi, khalas, basi, endelea peke yako."

Nami niliendelea, kwa sababu nilijua kwamba wanasikiliza. Niliwaambia jinsi stesheni hiyo ilivyojengwa zama za treni za moshi, paa lake la chuma na vioo likiwa juu kiasi kwamba njiwa waliozaliwa humo hawakujua kuna mbingu nyingine. Upande wa mashariki kulikuwa na mlango wa watawala peke yao, wenye zulia. Abiria wa daraja la kwanza walikuwa na ukumbi wao wa kusubiri, wa daraja la tatu ukumbi wao, na wakulima wenye kuku na vikapu walisimama ua wa nyuma. Kisha ikaja vita, mabomu yakaliangusha paa lote usiku mmoja, ukabaki mnara wa saa na ukuta wa jukwaa la kwanza. Wakaijenga upya kwa zege, bila mapambo, kama watu wenye haraka ya kusahau. Ule ukumbi wa daraja la kwanza sasa ni duka la mikate. Mlango wa watawala unatumiwa na magari ya taka.

Niliwasimulia huduma pia, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Karatasi ya manjano ukutani ni ya treni zinazoondoka, nyeupe ni ya zinazofika. Kabati za mizigo ziko chini, karibu na handaki linalounganisha majukwaa. Mwenye kiti cha magurudumu akitoa taarifa mapema, kuna mtu atamngoja na kumpandisha kwenye behewa. Na mwisho wa jukwaa la kwanza, katika ukuta ule ule uliookoka mabomu, kuna chumba kidogo chenye mlango wa buluu ambamo mtu yeyote anapewa chai na kiti, bila kuulizwa tiketi wala dini. Chumba hicho kilianzishwa zamani na wanawake waliokuwa wakija majukwaani kuwapokea wasichana waliotoka mashambani kutafuta kazi za nyumbani, kabla matapeli hawajawawahi.

Hapo Mganda aliacha kumenya kitunguu.

"Yaani kama dada zetu wanavyofika hapa?"

"Kama hapa."

"Na hapa mlango wa buluu uko wapi?"

Nikamwambia wali unaungua.

Jambo moja sikuwasimulia. Nalo nitalisema mahali pake.

Mama alikuja Doha mwezi wa kwanza, kipindi cha baridi kidogo. Dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, ni muuguzi Ujerumani, mji mdogo mwendo wa saa moja kwa treni kutoka stesheni ile. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu binti hazai mimba ya kwanza bila mamaye kuwa karibu kumpikia uji wa wimbi. Nikapanga Mama apitie kwangu apumzike wiki moja kwanza. Ni mimi niliyepanga safari yote, tiketi zote, kila kituo. Alifika na begi moja la nguo na moja la unga wa wimbi, na kimfuko cha sindano zake, maana ana ugonjwa wa sukari.

Ijumaa yake ya kwanza nilimpeleka Mesaimeer, kwenye eneo la makanisa, ambako sisi Waafrika Mashariki hukutana kwa ibada. Kikundi chetu kilimpokea kama malkia. Wauguzi, madereva, wapishi, dada wa majumbani waliopata ruhusa ya siku moja, wote walimwita Mama, kisha jina langu. Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake. Lile la pasipoti hubaki kwenye pasipoti. Huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, na hilo ndilo jina analoitikia hadi kaburini.

Mimi si mtoto wake wa kwanza. Alikuwapo kaka yangu. Kwa zaidi ya miaka ishirini kijiji kizima kilimwita Mama kwa jina la kaka. Kaka alipofariki, baada ya kuugua muda mfupi tu, watu walianza kusita. Kila mara wakimwita waliona uso wake unavyobadilika. Kwa huruma, taratibu, bila mkutano wala tangazo, wakahamia kwenye jina langu. Siwezi kudanganya, nilifurahi. Nilikuwa nimesoma, nimesafiri, nimemjengea. Nikaona ni haki mama yangu kuitwa kwa jina langu. Kuanzia hapo jina la kaka halikutajwa nyumbani, na mimi sikulitaja popote.

Ijumaa iliyofuata Mama aliondoka na ndege ya alfajiri. Mpango ulikuwa mwepesi. Binti mmoja wa kanisa la dada angempokea uwanja wa ndege na kumweka ndani ya treni. Shemeji, mume wa dada, angemngoja kwenye ile stesheni. Binti alifanya sehemu yake, akamwekea laini ya simu ya huko, akatutumia namba na picha ya Mama ameketi dirishani, begi la wimbi mapajani. Nikaionyesha watu pale Mesaimeer baada ya ibada, tukiwa tumesimama kivulini kando ya maegesho. Wakapiga makofi.

Makofi hayajaisha, shemeji akapiga simu.

"Shemeji, mambo yamegeuka. Uchungu umeanza na mtoto amekaa vibaya. Wanampeleka chumba cha upasuaji. Siwezi kutoka hapa."

"Usitoke."

"Na Mama je?"

"Mama niachie mimi. Ile stesheni naijua. Nitamtembeza kwa simu kama namshika mkono."

Nilisema kwa sauti, na watu wakasikia. Mama mchungaji wa kikundi chetu akasema, "Bwana asifiwe, kumbe Mungu alikupeleka kule kwa sababu." Nami niliamini hivyo hivyo.

Nikampigia Mama, nikamweleza polepole. Atashuka jukwaa la tano. Asiulize mtu, asimpe mtu begi. Ateremke kwenye handaki, apande jukwaa la saba, hapo treni ndogo ya kwa dada itakuwa inangoja. "Na jambo lolote likiharibika, Mama, simama hapo hapo ulipo. Usisogee mpaka nikuambie."

"Nimesikia. Nisisogee."

"Una njaa?"

"Nina ndizi. Nitakula nikikaa vizuri."

Ukoo wetu hauna mtu anayesafiri peke yake. Mgeni husindikizwa mpaka njia panda, na mwenyeji hageuki nyuma mpaka mgeni amepotea machoni. Ndivyo tulivyolelewa, na hatukuacha tabia hiyo kwa sababu tu njia panda ilikuwa Ulaya. Habari ilipoenea kwamba Mama anabadilisha treni peke yake, kila mtu aliyekuwa na namba yake alitaka kumsindikiza. Dada wa majumbani walimpigia kumwambia wanamwombea. Shangazi alipiga kutoka nyumbani kuuliza kama kuna theluji, amwone nayo kwenye video. Mama mchungaji alipiga akamwombea kwa muda mrefu, kundi zima likiitikia amina. Binamu zangu walipiga, kila mmoja peke yake. Kwa hiyo mimi nilipompigia, nilikuta simu inatumika, na nilipopiga tena ikawa inatumika.

Nilipompata hatimaye, uso wake ulikuwa karibu mno na kioo, naona paji la uso na kilemba tu.

"Treni ilisimama porini," alisema. "Sasa imefika, lakini si tano. Hapa imeandikwa kumi na moja. Watu wote wamekimbia."

Treni ilichelewa, ikaingizwa jukwaa jingine. Miaka yangu pale jambo hilo lilitokea mara chache. Siku hizi naambiwa ni kawaida yao.

"Mama, geuza simu nione."

Aligeuza. Nikaona nguzo za zege, miguu ya watu, kisha ukuta mweupe wa mbao wa watu wa ujenzi, palipopaswa kuwa na ngazi za handaki. Nguzo hiyo sikuijua, ukuta huo sikuujua. Walikuwa wanaijenga upya tena.

"Mama, chaji yako ikoje?"

"Hii kitu imekuwa nyekundu. Watu wamenipigia sana. Nimezungumza na shangazi yako, yuko salama, ng'ombe amezaa."

"Mama, kata wengine wote. Usipokee mtu ila..."

Uso wake ukaganda, mdomo wazi, kisha kioo kikawa cheusi. Nikapiga, na sauti ya mwanamke wa mashine ikanijibu kwa Kijerumani kwamba mtu huyo hapatikani. Nilikuwa mtu pekee pale maegeshoni aliyeelewa maneno hayo, na ndipo nilipotamani nisingekuwa nimejifunza.

"Anasema nini?" mama mchungaji aliuliza.

"Anasema simu imezimwa."

Watu wakatazamana, kisha wakazitazama simu zao mikononi. Dada mmoja alianza kulia akisema, "Mimi nilimpigia mara mbili."

Sijui kama nimeweza kueleza nilivyohisi. Mwanamke wa umri wa mama yangu, hajui lugha, ndani ya stesheni yenye majukwaa mengi na ujenzi kila kona, baridi ya mwezi wa kwanza, na mwana wake amemwamuru asisogee. Alikuwa amejidunga sindano asubuhi ndani ya ndege na kula kidogo. Ndizi angeila akikaa vizuri. Lakini Mama hali akiwa amesimama, kwetu ni utovu wa adabu, na mimi ndiye niliyemwambia asimame. Sukari ikishuka hana kelele. Huketi tu, akanyamaza, kama mtu anayefikiria. Niliona hilo mara moja nyumbani, na jirani ndiye aliyetambua kwamba hakuwa amelala.

Nikapiga dawati la habari la stesheni. Muziki. Nikangoja, muziki ukarudia mwanzo. Shemeji akatuma ujumbe: bado wako upasuaji. Sikumwambia kitu. Jua la Doha lilikuwa linawaka hata mwezi huo, na mimi nilikuwa natetemeka kama niliye jukwaani mwenyewe.

"Profesa," alisema yule Mganda wa chumbani kwetu, ambaye naye husali hapo. Alikuwa amekuja kusimama ubavuni pangu, na safari hii hakutania. "Ule mlango wa buluu."

Nikatafuta namba ya chumba kile. Ilikuwapo. Nikabonyeza, nikaweka sauti ya nje, na wote wakakusanyika. Miaka mingi niliwaambia watu hawa kwamba nasema Kijerumani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikia.

Mwanamke alipokea, sauti ya mtu mzima mwenye mafua. Nikaanza, nikachanganya maneno. Nikaona mama mchungaji amefumba macho. Nikaanza tena, na mara hii yakatoka, kama maji ya bomba lililofungwa muda mrefu, kwanza kutu, kisha safi. Nikamwambia mama yangu yuko jukwaa la kumi na moja au karibu nalo, amevaa kilemba cha kijani na koti la kaki, ana sukari, hajala, simu imekufa. Nikasema niko Doha.

"Unakijuaje chumba chetu?" aliuliza.

Hapa ndipo mahali pa lile ambalo sikuwasimulia wenzangu. Nilikuwa kazini, nimevaa sare, naelekeza abiria, simu ilipokuja kutoka nyumbani kuniambia kaka amefariki. Nilisimama katikati ya jukwaa la kwanza, abiria wananipita pande zote wakiniuliza treni zao, nami siwezi kujibu hata moja. Mwanamke mmoja alitoka kwenye mlango wa buluu, akanishika kiwiko, akaniingiza ndani, akanipa chai. Sikuweza kwenda kumzika kaka. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa, akanimiminia nyingine. Watu niliwasimulia paa, na mabomu, na karatasi ya manjano. Kikombe hicho sikumsimulia mtu.

"Niliwahi kufanya kazi hapo," nikamjibu. "Mlinipa chai."

"Basi ngoja," alisema. "Naenda kuangalia."

Alikwenda na simu yake mkononi. Tulisikia viatu vyake, magurudumu ya mabegi, mlango wa treni ukilia. Jukwaa la kumi na moja lilikuwa tupu. Kumi tupu. Wafanyakazi walikuwa wamewahamisha abiria wote kutokana na ujenzi, alisema, wameelekezwa njia nyingine. Kwa hiyo Mama alikuwa amesogezwa. Mahali pekee nilipojua yuko, hakuwapo.

"Tutamwita kwa kipaza sauti. Nipe jina kamili."

Nikampa jina la pasipoti, herufi moja moja. Tukalisikia likivuma ndani ya ukumbi ule na kurudi kupitia simu hadi Mesaimeer, jina zuri ambalo babu alimpa na ambalo hakuna aliyekuwa amelitumia tangu azae. Tukangoja. Likarudiwa.

"Hakuna aliyekuja," mwanamke alisema. Sasa sauti yake ilikuwa na haraka. "Nimewaarifu polisi wa reli pia. Amesema chochote kuhusu kwenda nje?"

"Hawezi kwenda nje. Nilimwambia asisogee."

"Ssebo," Mganda alininong'oneza, "mama yangu ukimwita jina la pasipoti hageuki. Atafikiri ni mtu wa serikali anamtafuta mwingine. Nyumbani mnamwitaje?"

Nikamwambia yule mwanamke aite Mama, kisha jina langu. Kusema kweli nilijua ndilo. Wiki nzima Doha aliitwa hivyo na akaitikia. Nikamfundisha matamshi, akalisema vizuri kabisa. Kipaza sauti kikaita. Jina langu likazunguka paa lile la zege, stesheni niliyoisomea, mahali nilipokuwa mtu, likaita mara mbili, mara tatu.

Hakuna.

Mama mchungaji alianza kuomba kwa sauti ya chini. Mimi nilichuchumaa palepale kwenye lami kati ya magari mawili. Niliwaza maneno ambayo ningemwambia dada yangu akiamka. Niliwaza shangazi. Niliwaza kwamba nimekuwa mtu mkubwa wa reli katika nchi mbili, na mama yangu anapotea kwenye reli.

Mganda akachuchumaa pia, magoti yake makubwa yakalia.

"Wewe ni wa kwanza kwa Mama?"

"Ni wa pili."

"Na wa kwanza?"

Hakuuliza tena. Alinyoosha mkono tu, akanisogezea simu mdomoni.

Sikuwa nimelitamka jina hilo tangu ule mlango wa buluu. Nilipolitamka kwa mara ya kwanza sauti haikutoka, na yule mwanamke akasema, "Halo? Bado upo?" Nikalirudia. Nikamwambia aite Mama, kisha jina hilo. Akalirudia ili kuhakikisha. Nikasema ndiyo, ndivyo.

Kipaza sauti kikamwita mama yangu kwa jina la kaka yangu.

Tulisikia ukumbi, mvumo wake ule ule. Tulisikia treni ikiondoka. Kisha mwanamke akavuta pumzi na kusema neno moja la Kijerumani linalomaanisha "pale", na viatu vyake vikaanza kukimbia.

Alikuwa amekaa chini ya ngazi mpya, nyuma ya mashine ya kupiga picha za pasipoti, juu ya begi la wimbi. Walipowahamisha alifuata watu, kisha akakumbuka amri yangu, akasimama hapo alipokuwa amefika, na miguu ilipochoka akakaa. Mwanamke alimkuta anajaribu kusimama, ameshika ukuta, jasho linamtoka katika baridi ile. Ndizi ilikuwa bado mfukoni. Alimpa sukari kwanza, papo hapo, kisha wakamchukua kwa kiti cha magurudumu hadi jukwaa la kwanza.

Haya nilikuwa nayatafsiri sentensi kwa sentensi, na kila sentensi watu walipiga kelele mpaka mlinzi wa maegesho akaja kutuambia yalla, tupunguze. Mganda alimkumbatia mlinzi huyo, akamwinua miguu ikaelea.

Ulipita muda kabla Mama hajaweza kuzungumza. Mwanamke aliniambia ngoja, bado anakunywa. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu anayejaza tu habari zinazokosekana:

"Na huyu mwenye jina tuliloliita, tumpigie naye? Atakuwa na wasiwasi."

Kijerumani changu ni kizuri, lakini maneno hayo niliyatafuta moja moja.

"Yeye hana wasiwasi," nikamwambia mwishowe. "Alifariki. Ni siku ile mliyonipa chai."

Hakusema pole. Nilimsikia tu akiweka kikombe kingine mezani. Kisha akampa Mama simu.

"Mwanangu."

"Mama. Umesikia walipokuita?"

"Nilisikia watu wanaitwa. Huku wanaita sana. Nikawa nasinzia. Ndipo nikasikia lile." Alikunywa funda moja. "Nikasema basi, nimekufa, na kumbe mbinguni kuna treni. Nikainuka niende."

"Mama, pole."

"Nani alikuambia uniite hivyo?"

"Hakuna, Mama."

"Basi usiache."

Shemeji alikuwa anapiga kwenye laini ya pili; namba yake iliwaka na kuzimika, na nilijua kutokana na kurudia kwake upesi upesi kwamba ni habari njema, maana habari mbaya mtu hupiga mara moja na kungoja. Nilimwacha aendelee kidogo.

"Nitakuita hivyo," nikasema.

"Haya. Na waambie hawa watu asante, lakini hii chai yao haina maziwa."

Nikawaambia, kwa Kijerumani changu, mbele ya watu wote.